Besi Hana Mwenzake

Okestra kubwa ya simfoni huwa na wapiga fidla kama thelathini. Horni huwa nne au zaidi, tarumbeta tatu, tromboni tatu. Tuba, lile dude la shaba la sauti ya chini kabisa ambalo kwetu tunaliita besi, ni moja. Wa fidla akikosea, jirani zake wanambeba na hakuna msikilizaji atakayejua. Wa tuba akikosea, ukumbi mzima unageuza shingo. Akipatia, watu husifu tarumbeta.

Sina haja ya kwenda Ulaya kulijua hilo. Nimepiga besi katika kikundi cha matarumbeta cha kanisa hapa Tanga tangu nikiwa binti wa kipaimara, na mpaka leo watoto wa Makorora wakiniona na lile dude begani wanaita, "Mama Besi huyo!" Sauti ya kwanza wanagombania nafasi. Sauti ya pili wapo, tena wapo. Besi nipo mimi. Wenzangu ni watu wazuri, tunazikana na kuozana, lakini hakuna hata mmoja wa kuzungumza naye habari za pumzi, maana pumzi ya tarumbeta na pumzi ya tuba hazifanani hata kidogo. Bomba la tuba ya si-bemoli (noti ya si iliyoshushwa nusu) likinyooshwa lina karibu mita tano na nusu. Lote hilo linataka kujazwa na kifua cha mtu mmoja, naye kasimama nyuma ya pikapu ya harusi inayokatiza mitaa ya Ngamiani, huku dereva akifunga breki kila penye bodaboda.

Basi niliposoma kwamba wapiga tuba wa dunia wana chama chao, na kwamba kilianza mwaka 1973 tu, nilijiuliza: siku zote hizo walikuwa wapi?

Habari zenyewe zilinifikia ndani ya mzigo. Ndugu wa usharika rafiki wa Ujerumani walituletea vyombo vilivyotumika, na katika sanduku la tuba, chini ya kitambaa, mtu alikuwa amesahau majarida ya zamani ya chama hicho, ya Kiingereza. Mwalimu wetu, mzee aliyejifunza tarumbeta milimani Lushoto, alinikabidhi akasema, "Haya mwanangu, Kiingereza chako cha sekondari leo kitapata kazi." Nikaanza na yale majarida, nikaendelea kutafuta mengine.

Nililoliona mapema ni kwamba tuba yenyewe ni mtoto mdogo. Ilipewa hataza Berlin tarehe 12 Septemba 1835, kwa majina ya Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi la Prussia, na Johann Gottfried Moritz, fundi wa vyombo. Kabla ya hapo pistoni, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, zilikuwa hazijakaa sawa. Zilianza kutumika miaka ya 1810 hukohuko Ujerumani. Maana yake Bach, Mozart na Beethoven wote walikufa bila kuijua. Mpiga fidla ana karne za muziki wa kujifunzia. Mpiga tuba, okestra ilipomwita, alikuta ameachiwa noti ndefu za chini na kurasa za kuhesabu vipumziko. Konseto ya kwanza ya tuba kutoka kwa mtunzi mwenye jina kubwa ni ya Ralph Vaughan Williams wa Uingereza, na ilipigwa London mwaka 1954, Philip Catelinet akiwa na tuba mbele ya okestra. Toka 1835 hadi 1954! Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa akisubiri kusogezwa mbele.

Kwa hiyo chama cha watu hawa hakikuanza na siasa wala cheo. Kilianza na njaa ya nota na ya mtu wa kuongea naye.

Miaka ile Marekani ilikuwa na vyuo vikuu vingi vyenye bendi kubwa, na vyuo vilianza kuajiri walimu wa chombo kimojakimoja. Mwalimu wa horni, kwa mfano, anajikuta peke yake katika idara nzima, naye anataka kukutana na wa vyuo vingine. Wa horni walitangulia: mwaka 1969 walifanya warsha Tallahassee, Florida, na mwaka uliofuata, 1970, wakaunda chama cha kimataifa, rais wa kwanza akiwa Barry Tuckwell, mzaliwa wa Australia. Wa tromboni walikutana kwanza Nashville, chama chao kikafuata mwaka 1972. Wa tarumbeta walikuja katikati ya miaka hiyohiyo ya 1970. Ukitazama utaratibu wao ni uleule: watu wanakutana, wanapigiana, wanafundishana, wanakula pamoja, ndipo mmoja anasema, jamani tukiachana hivihivi tutapoteana.

Wa tuba walikuwa na wazo mapema kidogo. Robert Ryker, mpiga tuba wa okestra ya Montreal, ndiye aliyelitoa, na jina likatungwa ili herufi zake za mwanzo zisomeke T.U.B.A. Lakini lililolitia nguvu lile wazo ni mkutano wa Mei 1973 katika Chuo Kikuu cha Indiana, mji wa Bloomington, mwenyeji akiwa Harvey Phillips. Huyu Phillips ndiye mtu wangu. Alizaliwa Missouri mwaka 1929, na kabla ya okestra na uprofesa alipiga kwenye bendi za sarakasi, akizunguka na mahema, tembo na wacheza kamba. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe hata profesa wa Indiana alianza kazi kwa kupiga juu ya magurudumu, akila vumbi, mbele ya watu wasiojua hata chombo chake kinaitwaje.

Mwalimu wa Phillips alikuwa William Bell, aliyezaliwa siku ya Krismasi mwaka 1902 akafariki 1971. Ili kumkumbuka, Phillips alitaka kukusanya wapiga tuba kwenye kiwanja cha barafu cha Rockefeller, katikati ya New York, wapige nyimbo za Krismasi. Yule ofisa aliyepigiwa simu kuombwa ruhusa alinyamaza kimya. Tuba mamia? Phillips akampa majina ya kwenda kuuliza, miongoni mwao waongozaji wakubwa wa okestra Leonard Bernstein na Leopold Stokowski, na ruhusa ikapatikana. Desemba 1974 wakaja kama mia tatu. Nyimbo walipangiwa na mtunzi Alec Wilder, rafiki wa Phillips, na mpaka leo mikusanyiko ya aina hiyo hufanyika kila Desemba katika miji mingi.

Sasa niseme la kwetu, kwa sababu watu hudhani vyama vya wapiga shaba ni mambo ya kuletewa.

Pwani hii ilikuwa navyo kabla ya hao wote. Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga miaka ya 1890, wanafunzi walikuwa na bendi yao ya shaba. Halafu zikaja beni, ngoma za kuiga bendi na gwaride la kijeshi. Vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na matawi mji hadi mji, sare, vyeo vya kutisha (kulikuwa na makingi na maadmirali ambao mchana ni mahamali na makarani), na kila upande ulitaka kuumbua mwingine kwa gwaride na nyimbo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowatawanya askari na wapagazi, mchezo ukaenda nao bara yote, mpaka Malawi ambako ulizaa ngoma za mganda na malipenga. Serikali ya mkoloni ikawa inazitazama kwa jicho la pembeni. Wanahistoria wameandika juu ya sare na vyeo, na ni haki yao, maana inachekesha na inafikirisha. Mimi kama mhazini wa kikundi chetu navutwa na upande mwingine: mwanachama wa beni akifika mji mgeni alikuwa na pa kulala, na akifa alikuwa na wa kumzika. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfanya atoe senti yake.

Na si muziki peke yake. Mwaka 1922, hapahapa Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Kwa hiyo mtu asiniambie Watanga hatujui kuunda chama.

Ila nimeshuhudia tunavyokiua. Miaka kadhaa iliyopita vikundi vya matarumbeta vya hapa mjini, vya makanisa na vile vya kukodiwa kwenye harusi na mahafali, vilikutana kuunda umoja. Kikao cha kwanza tulichagua mwenyekiti. Cha pili tukamchagua makamu, katibu, katibu msaidizi na walezi, na walezi walikuwa wengi kuliko wapigaji wa sauti ya tena. Cha tatu ikapitiwa rasimu ya katiba, ikaishia kifungu cha posho. Muhuri ukachongwa. Katika muda wote huo hakuna aliyekuja na chombo, na hakuna noti iliyopigwa. Muhuri ninao mimi nyumbani, bado mpya, wino wake haujagusa barua.

Sasa linganisha na Tallahassee, Nashville na Bloomington. Sisemi wale walikuwa malaika. Profesa naye anapenda cheo, tena sana. Lakini walianza kwa kusikilizana, na aliyesikika kwanza ndiye aliyeaminiwa baadaye. Katiba ikaja kuandika jambo ambalo tayari lilikuwa likifanyika.

Ndipo nikaacha habari ya umoja mkubwa, nikawatafuta wapiga besi tu. Nilimwanza kijana wa kikundi cha harusi cha Mikanjuni, ambaye tulikuwa tukipishana barabarani kila Jumamosi, yeye kwenye pikapu yake na mimi kwenye yetu, tunapungiana mikono bila kujuana majina. Akamleta mwenzake. Mwingine alikuwa mstaafu aliyelelewa katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Tulikutana Jumapili alasiri katika ukumbi wa usharika, kila mtu na besi yake, nyingine zimefungwa gundi, moja kengele yake, ule mdomo mpana, imebonyea mpaka inaelekea ukutani.

Siku hiyo ilianza kwa fujo ambayo majarida yangeweza kunitahadharisha. Nilikuwa nimeandika kipande cha tenzi kwa sauti nne za besi. Nikahesabu, tukaingia, ikatoka sauti ya ng'ombe waliovamiwa. Tukarudia, vilevile. Kumbe hatusomi nota kwa mtindo mmoja. Sisi wa kanisa tumefundishwa kwa mapokeo ya Kijerumani: nota za besi zinasomwa kama zinavyosikika kwenye kinanda, utaratibu ambao Johannes Kuhlo, mchungaji na mwalimu maarufu wa tarumbeta wa Betheli kule Bielefeld, aliushikilia sana ili tarumbeta na waimbaji watumie kitabu kimoja. Na Betheli si jina geni kwetu, maana misheni iliyofungua kituo cha Mlalo mwaka 1891 ndiyo iliyokuja kuitwa hivyo. Babu wa Jeshi la Wokovu yeye kafundishwa kwa utaratibu wa bendi za shaba za Waingereza, ambako besi huandikwa kwa funguo ya juu, sawa na kornet, ile tarumbeta fupi, na do ya kwenye karatasi husikika kama si-bemoli. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba mtu anaweza kuhama kutoka kornet hadi besi na vidole vikabaki vilevile. Ubaya wake ni huo tuliousikia. Vijana wa harusi wao hawasomi kabisa. Wanapiga kwa sikio, na sikio lao ni kali kuliko macho yetu sote.

Babu akavua miwani akasema, "Binti yangu, nipe kalamu, niandikie upya ya kwangu." Akaandika palepale, juu ya goti. Vijana tukawaimbia sehemu zao. Tulipoingia tena, vioo vya luva vya madirisha vikaanza kulia vyenyewe, na mhudumu wa kanisa akaja mbio kutazama ni nini. Sikuwahi kusikia besi yangu ikijibiwa na besi. Nimepiga chombo hiki miaka yote nikiwa chini ya wengine, na pale ghafla mmoja wetu akawa anaimba juu, laini, kama mwanakwaya wa sauti ya tatu, nami nikamshikia chini.

Nilikuja kujua kwamba jambo hilo lina historia yake. Constance Weldon, aliyepiga tuba kwenye ziara ya okestra ya Boston Pops katikati ya miaka ya 1950 wakati wanawake wa kazi hiyo wakihesabika kwa shida, ndiye aliyejenga kundi la tuba tupu katika Chuo Kikuu cha Miami. R. Winston Morris akaanzisha la kwake Tennessee mwaka 1967, na mwaka uleule wa mkutano wa Bloomington akachapisha orodha ya muziki wote wa tuba alioweza kuupata. Mtu aliyekaa chini na kuorodhesha nani kaandika nini, kwa sauti ngapi, na wapi kinapatikana, simpi nafasi ndogo kuliko Phillips. Wageni mia tatu juu ya barafu ni picha nzuri ya gazeti. Orodha ndiyo inayomfanya mwalimu wa mji mdogo ajue Jumatatu awape nini wanafunzi wake.

Na jarida. Kilianza kijarida chembamba cha habari, kikakua hadi kuwa jarida kamili la kutoka mara nne kwa mwaka: nani anafundisha wapi, kipande gani kipya kimetoka, jinsi ya kutunza midomo. Mwanachama aliyeko kijijini ambaye hatahudhuria mkutano hata mmoja, anapokea kitu mkononi kwa ada yake. Nilipolielewa hilo nilibadili namna ya kukusanya michango. Zamani nilikuwa nikisimama mwisho wa mazoezi, nikisema, "Wapendwa, tukumbuke ada," na wapendwa wanakumbuka kwamba wana safari. Sasa nina kaunta buku yenye orodha ya nota zetu, na kila tukikutana naleta nakala za kipande kimoja kipya, kimeandikwa kwa mitindo yote miwili, cha kanisa na cha Babu. Anayetoa mia tano zake anaondoka na karatasi. Hakuna anayesukumwa, na daftari linasoma vizuri kuliko lilivyowahi.

Karatasi nyingine haikuwa ya muziki. Niliandika jinsi ya kuitunza shaba katika mji huu wa chumvi, maana upepo wa bahari unakula chombo: kijani kinaanza kwenye maungio, halafu pistoni zinakwama katikati ya bwana harusi kuingia. Mafuta maalumu ya pistoni hayapatikani madukani kwetu kirahisi, kwa hiyo wengi hutia ya cherehani. Yanafaa kwa muda, ila ni mazito, yakichanganyika na mate na vumbi yanakuwa ute. Dawa ni kuivua pistoni mara kwa mara, kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ndipo utie tone. Kizibo cha tundu la kutolea maji kikioza, mpira wa kandambili uliokatwa vizuri unashika. Karatasi hiyo ndiyo iliyoombwa zaidi, hata na wa sauti ya kwanza.

Kile chama cha Marekani nacho kilibidi kijirekebishe. Jina la mwanzo lilitaja udugu wa kiume, na yufoniamu, mdogo wake tuba, halikuitaja kabisa, ingawa wapigaji wake walikuwemo. Kufikia mwanzo wa karne hii kikabadilishwa kuwa chama cha kimataifa cha tuba na yufoniamu, ITEA. Mwaka 2006 Carol Jantsch, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, akashinda nafasi ya tuba katika okestra ya Philadelphia. Habari hiyo niliwasomea vijana wa harusi. Mmoja akauliza analipwa kiasi gani. Sikuwa na jibu, ila nilipenda kwamba hakuuliza kitu kingine.

Kwetu mgogoro uliopo sasa ni huohuo wa yufoniamu, ambayo hapa tunaiita baritoni. Wapigaji wake wamesikia kinachoendelea Jumapili na wameomba kuingia. Babu hataki, anasema baritoni ni tena iliyonenepa, wakiingia watachukua melodia yote na sisi tutarudi kushikilia noti ndefu. Kijana wa Mikanjuni anasema waje, mradi wasipewe melodia kila wimbo. Mimi nimeandika kipande chenye baritoni mbili na besi nne, na baritoni nimezinyamazisha ukurasa wote wa kwanza. Nimewaambia waje nacho Jumapili ijayo, pamoja na mia tano zao, na Babu nimempa sehemu ya kuanza peke yake.